Kichupa Kisicho na Lebo

Kazi yangu hapa Louisville ni kubandika lebo. Masanduku yanakuja juu ya mkanda, nabandika, yanaondoka. Sanduku lisilo na lebo halina kwao. Linasukumwa pembeni, linakaa nyuma ya waya mpaka mtu mwenye cheo aje aamue. Nimefanya hivyo miaka sita, saa kumi kwa siku, na magoti yangu ni mashahidi. Nayasema haya mapema ili mtu asinione mjinga. Umuhimu wa kikaratasi kilichobandikwa juu ya kitu naujua kuliko watu wengi, na ndiyo maana yaliyonipata kule nje ya Buffalo yananiudhi mpaka leo.

Safari ile aliitaka mama. Mama anaishi Columbus katika jengo la wazee, na amekataa kuhamia kwangu, mtaa wa Beechmont, kwa sababu ya kwaya yake. Nimemwambia Louisville pia kuna kwaya. Ananijibu kwamba ya huku hawajui kushika sauti ya pili. Mdogo wangu wa kiume yuko gerezani, mwendo wa saa moja kutoka Buffalo. Katika familia yetu tumebaki sisi watatu tu, na tumetawanyika hivyo, kila mmoja na mji wake.

Jumapili moja mama alinipigia simu, akazungumza kwanza kuhusu baridi, kisha kuhusu bei ya sombe, yale majani ya muhogo, kisha akasema alichopigia.

"Miye nimeshachoka, mutoto wangu. Nataka niwaone nyinyi wawili ku meza moja mbele nikufe. Ni hiyo tu."

Nikamwambia aache maneno ya kufa. Akanyamaza. Mama akinyamaza kwenye simu unasikia hata saa yake ya ukutani, na mimi saa ile siiwezi. Nikasema sawa, nitaomba ruhusa kazini.

Kusema sawa kulinigharimu, kwa sababu mimi na mdogo wangu hatukuwa tunazungumza. Miaka minne. Alikunywa kwenye sherehe, akaendesha gari, na mwenzake wa kazini aliyekuwa amekaa pembeni yake akafariki. Ulevi ningeusamehe, wangapi nimewaona wakinywa na kuendesha wakafika salama wakalala? Lakini usiku ule alinipigia kutoka mahabusu, akilia, akaniambia kwamba marehemu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nikamwamini. Nilimlea mimi, dada yake, kwa nini nisimwamini? Nikasimama kanisani mbele ya watu, nikasema mdogo wangu hana hatia, na ndugu za marehemu walikuwa wamekaa mstari wa tatu. Miezi mitatu baadaye akakiri mahakamani. Tangu siku hiyo, akipiga simu, ile sauti ya mashine ikianza kunieleza kwamba simu inatoka gerezani, mimi nakata kabla haijamaliza. Sipendi uongo. Watu wanaonijua wanajua hilo, na wengine hawanipendi kwa ajili hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwaka jana moyo wa mama ulianza kumsumbua, na daktari akampa vidonge vidogo mno, vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Akaambiwa asiende popote bila vidonge hivyo, hata chooni. Mdogo wangu hakujua, na mama alikuwa amenikataza nisimwambie.

"Mutu iko mu gereza, weye unamupelekea ugonjwa?" aliniuliza. "Ataufanyia nini mule?"

Na mimi sikuwa nazungumza na mdogo wangu, basi kutunza siri ilikuwa kazi rahisi.

Nilipiga simu gerezani kabla ya safari. Nilingoja muziki ukaisha ukaanza tena, hatimaye mwanamume mmoja akapokea na kunieleza vizuri kabisa: mgeni haruhusiwi kuingia na dawa, isipokuwa ile ambayo akiikosa anaweza kufa. Vidonge vichache, vya mgeni mwenyewe, katika kichupa cha famasi chenye jina lake, na avionyeshe mezani kabla ya kupekuliwa. Niliandika yote nyuma ya bahasha. Nikampigia mama, nikamsomea mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza kama namwona mtoto.

Nilitoka Louisville moja kwa moja kutoka kazini, macho yakiwa mazito, nikashika barabara ya Columbus. Nilimkuta ameshavaa kitambaa chake cha kichwani, thermosi ya chai mkononi, mikate ya mafuta ndani ya mfuko wa plastiki.

"Dawa iko?"

"Iko."

"Ndani ya chupa yake?"

"Ndani ya chupa yake. Bon, twende."

Ilifaa nifungue mkoba wake niangalie. Kazini naangalia masanduku mia kwa mia, sanduku la mtu nisiyemjua, lina soksi ndani, naligeuza pande zote. Lakini kwa mama yangu nilisikia "iko" nikawasha gari. Uchovu ndio unaofanya hivyo, na mimi siku hizi nimechoka hata nikiwa nimelala.

Tulifika Buffalo jioni. Mwanamke mmoja tuliyesali naye zamani anakaa North Buffalo, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Kenmore, akatuachia kitanda chake akaenda zamu. Nyumba yake iko ghorofa ya pili. Katikati ya ngazi mama alisimama, ameshika ukuta. Nikamuuliza kuna nini, akasema anatazama picha. Ukutani hapakuwa na picha yoyote. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akanipa mgongo, akaweka kitu mdomoni. Nilijifanya naangalia funguo.

Asubuhi tukaenda. Theluji ya mwisho wa majira ilikuwa imekuwa nyeusi kando ya barabara. Nilijipanga kichwani nitakachomwambia mdogo wangu. Kwanza nilipanga maneno makali, nikayafuta. Nikapanga mapole, yakanishinda. Mwishowe nikaamua nitamuuliza tu kama anakula vizuri, na mengine yatajileta. Nilikuwa na hofu, niseme ukweli.

Tulipoegesha mbele ya gereza nikasema, "Mama, nipe dawa niishike miye. Tutaonyesha pale mbele."

Akanipa. Kilikuwa kichupa safi kama kimetoka kiwandani jana. Hakuna jina, hakuna daktari, hakuna kitu. Ungeweza kukitilia chumvi.

"Mama. Karatasi ya ku chupa iko wapi?"

"Nilishaitosha."

"Uliitosha? Sababu gani uliibandua?"

"Nilioshea na maji ya moto. Inatoka vizuri." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye jambo la kueleza. "Weye uliniambia chupa. Na iko chupa."

Hapo ndipo aliponieleza, ndani ya gari, kioo kikianza kufanya ukungu kwa pumzi zetu. Dada mmoja wa kanisani alimtembelea pale Columbus, akaona kichupa juu ya meza, akasoma. Jumapili iliyofuata mchungaji akamwita mama mbele, na akina mama wakamzunguka, wakaukemea ugonjwa kwa jina lake la Kiingereza, neno zima, kwa kipaza sauti. Mama alisimama pale na gauni lake la kwaya. Baada ya ibada watu walikuwa wanamshika mkono kama msiba umeshatokea, na mwongoza kwaya akamwambia anaweza kukaa kwenye kiti wakati wengine wanaimba. Tangu siku hiyo kila dawa ikifika kutoka famasi, kitu cha kwanza ni sinki. Anachovya, anasugua kwa ukucha, anakausha, ndipo anaweka kabatini. Na si yeye peke yake. Nusu ya wamama wa jengo lile wanafanya hivyo, kila mmoja anavijua vidonge vyake kwa rangi.

Niliweka kichwa juu ya usukani. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa moto, na chini ya hasira nilimwonea huruma, nikamwona pale mbele na gauni la kwaya.

"Tuache ndani ya gari," mama akasema. "Mungu iko."

"Jana ku ngazi Mungu hakuwa?"

Nami nikafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka natamani kujizaba kofi. Mkobani nilikuwa na dawa yangu mwenyewe ya presha, kichupa cha famasi ya Louisville, jina langu limeandikwa wazi. Nikamwaga vidonge vyangu kwenye kitambaa cha karatasi, nikaweka vya mama vitano mahali pake, nikafunga kifuniko. Nikamwambia: nitasema ni zangu. Ukijisikia vibaya mule ndani, nikanyage mguu chini ya meza, nitakupa.

Mimi, mbandika lebo.

Ndani, tuliweka makoti kwenye kabati, viatu kwenye beseni. Mama alivua kitambaa cha kichwani, afisa wa kike akakikunjua taratibu akakirudisha amekikunja vizuri, na mama akamshukuru. Mimi nikaweka kichupa mezani, nikatangaza dawa yangu ya dharura, kama yule mwanamume wa kwenye simu alivyoniagiza. Afisa wa kiume, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, akaivaa. Akasoma lebo. Akafungua kifuniko. Akamimina kidonge kimoja juu ya karatasi nyeupe, akakigeuza kwa ncha ya kalamu, kisha akaangalia kwenye kompyuta yake, akasoma lebo tena.

"Hii ni dawa ya presha?"

"Ndiyo."

"Lebo inasema kidonge cheupe, kirefu, kimeandikwa namba. Hiki ni kidogo sana na hakina hiyo namba."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, naye akakigeuza. Akaniuliza kwa upole, na upole ule ulinimaliza zaidi kuliko angenifokea: "Bibi, dawa hizi ni za nani?"

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, soksi zake za sufi zikionekana, hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Ningesema ni zake, ningekuwa nimesema kweli, na wangetukataa wote wawili, na jina lake ndilo lingeandikwa. Nikafikiri hivyo haraka, kama nilifikiri.

"Zangu," nikasema.

"Una ugonjwa wa moyo?"

"Ndiyo."

"Mbona ziko ndani ya kichupa cha dawa nyingine?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili. Uongo wangu ulikuwa wa swali moja tu.

Wakajaza fomu. Hawakunitukana, hawakuita polisi. Mkubwa alisema anaona si dawa za kulevya, ila sheria ni sheria, na aliyeingiza dawa ndani ya kichupa kisicho chake hawezi kuingia. Nimesimamishwa kutembelea kwa miezi sita. Mama hakuwa na kosa; angeweza kuingia, peke yake, bila kitu. Wakanirudishia kichupa pamoja na nakala ya fomu.

Nikamgeukia mama. "Miye wamenikatala. Weye ingia."

"Sababu ya ile dawa?"

"Ingia, mama. Anakungoja."

Alinitazama kwa muda. Alijua anakwenda bila dawa na alijua kwamba nami najua. Kisha akanyoosha sketi, akapita kwenye mlango ule wa kukagua chuma, mikono imeinuliwa kidogo pembeni kama anavuka mto. Mlango wa pili ukafunguka, ukafunga.

Nilikaa ndani ya gari saa mbili na dakika arobaini. Nilikuwa nimekishika kichupa kwenye kiganja muda wote, ujinga mtupu, kwa sababu hata angeanguka nisingeweza kukifikisha. Kila gari lililoingia nililiangalia kama ni la wagonjwa. Nilimwomba Mungu kwa maneno mabaya. Nilimlaumu mama, nikamlaumu dada yule wa kanisani, nikamlaumu mdogo wangu, mwisho nikabaki mimi. Nilikumbuka meza. Mama alitaka meza moja tu, na mimi nilikuwa nimeshafika mita mia kutoka kwenye meza hiyo.

Alitoka akitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, safari hii bila kusingizia picha. Nilimkimbilia. Aliweka kidonge chini ya ulimi kabla hajafunga mlango wa gari, akafumba macho, akangoja. Uso ukarudi kidogo kidogo.

"Amenenepa vibaya," akasema hatimaye. "Wanawapa mikate tu. Lakini meno yake ni mazuri."

"Aliniulizia?"

"Aliuliza. Nilimwambia uko kazi, ku Louisville. Nikasema nilikuja na watu wa kanisa."

"Mama! Nilikuwa hapa! Miaka mine, nimekuja mpaka ku mulango, na weye unamwambia niko kazi?"

"Ningemwambia nini?" Alifungua macho. "Ningesema dada yako wamemukatala sababu ya dawa. Angeuliza: dawa ya nani? Donc, basi ningesema nini?"

Niliwasha gari. Karibu na Cleveland alinimiminia chai, nikainywa, ilikuwa imepoa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa jikoni kwangu Beechmont nachambua maharage, simu ikalia. Sauti ya mashine ikaanza: simu hii inatoka gerezani. Kidole kilikwenda mahali pa kukatia kwa mazoea. Kisha nikabonyeza namba moja, ya kukubali.

Mwanzo kulikuwa na kelele za watu nyuma. Halafu sauti yake, nzito kuliko nilivyoiacha.

"Dada."

"Ndiyo."

"Wameniletea karatasi. Ni ya sheria, mgeni wako akisimamishwa na wewe wanakuletea nakala." Alikuwa anazungumza haraka, kama anaogopa nitakata. "Iko na jina lako. Iko na tarehe. Ni ile siku mama alikuja. Dada, ulikuja."

"Nilikuja."

"Mama alisema uko kazi."

"Nilikuja mpaka mulangoni."

Akalia. Mdogo wangu analia vibaya, anavuta pua kama alipokuwa na miaka mitano, na mimi nilisimama na harage mkononi nisijue niliweke wapi. Nilitaka kumwambia yale mapole yaliyonishinda barabarani, na yote yalikuwa yanakuja sasa, yanasukumana. Nikamuuliza kama anakula vizuri. Akasema anakula.

Kisha akatulia. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa.

"Hapa wameandika vidonge vya moyo. Dada, hizi dawa ni za nani?"

Nje basi la mji lilisimama kituoni, likashusha watu, likaondoka. Nilimwona mama na gauni lake la kwaya, mikono ya watu juu ya kichwa chake. Nilimwona kwenye ngazi, ameshika ukuta.

"Zangu," nikasema.

Mashine ikatuambia imebaki dakika moja.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Mama anajua?"

"Hajui."

"Basi tusimwambie," akasema. "Ameshazeeka. Moyo wake hautaweza."

Nikamwahidi.